Bahati kwa Mujibu wa Sheria

Nchi ninayoisimulia haipo karibu na yetu. Nimeikagua ramani nikahakikisha, kwa hiyo msomaji akiona humu jambo linalofanana na la kwao, ajue ni macho yake tu yanamchezea. Ni nchi ya amani, yenye wizara nyingi kuliko mito, na serikali yake inawapenda wananchi kiasi cha kushindwa kuwaacha peke yao.

Serikali hiyo iliamua kujenga bwawa la umeme katika Bonde la Mwerere. Bondeni waliishi watu, kaya mia tano, wakulima wa vitunguu. Ukuta wa bwawa ulipokamilika ikabaki kazi moja tu, kufunga milango ya maji, na hapo bonde lote lingezama: mashamba, shule, makaburi na vitunguu vyenyewe. Basi serikali, kwa huruma yake, ikajenga nyumba za kuwahamishia watu hao. Zilikuwa nyumba nzuri za matofali, zenye bati jekundu na bomba la maji uani, katika mtaa mpya ulioitwa Fanaka. Zilijengwa mia moja. Kaya nyingine mia nne zilitengewa uwanda wa mawe ulioitwa Kambi ya Subira, ambako kila kaya ingepokea turubai moja na hotuba.

Swali likawa, nani aende Fanaka na nani aende Subira.

Nchi nyingine zingegombana. Nchi hii ilikuwa na Wizara ya Bahati na Mgawanyo, na wizara hiyo ilikuwa na waziri, Mheshimiwa Fortunatus Kidamba, mtu mnene mwenye sauti ya upole ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kupoteza kitu isipokuwa mafaili.

“Tutatumia bahati,” alitangaza redioni. “Bahati haina kabila, haina dini, wala haina shemeji.”

Utaratibu ulikuwa rahisi. Pipa kubwa lingetiwa gololi mia tano, mia moja nyeupe na mia nne nyeusi. Kila kaya ingetoa mtu mmoja, angetumbukiza mkono bila kuchungulia na kuchomoa gololi moja. Nyeupe, anakwenda Fanaka. Nyeusi, anapanda lori la Subira. Gololi ikishatoka hairudishwi pipani. Jambo hilo la kutorudisha wananchi walilielewa upesi sana, kwa sababu walikuwa wameizoea serikali yao.

Lakini wakaanza kugombea nafasi kwenye foleni ambayo ilikuwa bado haijapangwa. Kila mtu alitaka atangulie, asije akakuta nyeupe zimekwisha. Viliibuka vijembe, zikafuata ngumi, na mzee mmoja wa kanisa aling'atwa bega. Waziri aliposikia habari ya bega, akaagiza atafutwe mtaalamu.

* * *

Mtaalamu huyo aliitwa Profesa Zablon Ndeketela. Alifundisha hesabu za uwezekano katika chuo kikuu cha nchi hiyo, na alikuwa mzaliwa wa Mwerere. Mama yao alifariki yeye akiwa bado anatambaa, akalelewa na dada yake mkubwa, Skolastika, ambaye mpaka wakati huo alikuwa bondeni na vitunguu vyake. Skola ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa bado anamwita Zabu.

Profesa alikuwa mtu mkweli. Miaka yote hiyo serikali haikuwahi kumuuliza kitu, kwa hiyo ilipomuuliza alifurahi kupita kiasi.

“Profesa,” Waziri alianza, akimsogezea sahani ya korosho. “Watu wangu wanang'atana mabega. Nijibu kwa kifupi. Anayechomoa wa kwanza ana bahati kubwa kuliko anayechomoa wa mwisho?”

“Hapana, Mheshimiwa. Wako sawa.”

Waziri aliacha kutafuna. “Wako sawa? Hata gololi zikipungua?”

“Hata zikipungua.” Profesa alichangamka. Akachukua korosho mbili, moja nzima na moja iliyovunjika, akazifumbata. “Chukulia hizi ndizo gololi zetu, na sisi ni wawili. Wewe ukitangulia, una nafasi nusu ya kupata nzima. Ukiipata, mimi nimekosa. Ukiikosa, ni yangu. Kwa hiyo na mimi nilikuwa na nusu tangu mwanzo. Kwenye pipa letu ni hivyo hivyo, kila mtu ana nafasi moja katika tano, awe wa kwanza au wa mia tano.”

“Kwa hiyo hata wakubwa wakitangulia si dhuluma?”

“Kwa hesabu, si dhuluma. Ila kuna masharti mawili, Mheshimiwa. Asiwepo anayechungulia, na kinachotoka kisirudi. Maana kila kinachotoka kinabadilisha kilichobaki. Zikitoka nyeusi nyingi, waliobaki wananufaika. Zikitoka nyeupe nyingi...”

Lakini Waziri alikuwa amekwisha simama na kumkumbatia, na masharti yakaishia kwenye koti lake.

Wiki hiyo hiyo Bunge likapitisha Sheria ya Usawa wa Bahati, yenye vifungu viwili. Cha kwanza kilisema kwamba kila mwananchi ambaye hajachomoa gololi anayo nafasi moja katika tano ya kupata nyumba, na kwamba kusema vinginevyo ni kosa la jinai. Cha pili kilisema kwamba hakuna mwananchi atakayehamishwa bondeni kabla hajachomoa. Hiki cha pili kiliwekwa kuwaridhisha wafadhili, na wabunge walikipigia makofi bila kukisoma, kama walivyofanya kwa cha kwanza.

Profesa akateuliwa kuwa Mshauri Mkuu wa Uwezekano. Akampigia simu dada yake.

“Dada, usisukumane na watu kwenye foleni. Hata ukiwa wa mwisho, nafasi yako ni ile ile. Nimewahakikishia mwenyewe.”

“Nitashukuru, Zabu,” Skola alisema. “Magoti haya hayawezi tena kusukumana. Na hilo bomba la uani nimelisikia. Nikilipata, nitaoga mpaka waje kunitoa.”

* * *

Siku ya bahati uwanja wa shule ya Mwerere ulipambwa bendera. Pipa liliwekwa jukwaani, likalindwa na Sajini Mwakibete, askari mtiifu ambaye alipewa amri moja tu: yeyote anayeshika nyeusi, mwelekeze kwenye lori.

Mheshimiwa Kidamba alihutubia. Alisema kwamba bahati ni siasa safi. Alisema kwamba mataifa makubwa yameihangaikia haki kwa karne nyingi, kumbe ilikuwa ndani ya pipa. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa sayansi imethibitisha kwamba kutangulia hakumpunguzii mtu chochote, viongozi watatangulia ili kuonyesha mfano.

Wananchi walitazamana. Mwanamke mmoja akauliza kwa heshima kama viongozi nao wanaishi bondeni.

“Wanaishi bondeni kimoyo,” Waziri alimjibu.

Wa kwanza alikuwa Mkuu wa Mkoa. Alikunja shati, akatumbukiza mkono, akachomoa nyeusi.

Sajini Mwakibete, kwa utiifu, akanyoosha kidole kuelekea lori.

“Hiyo ilikuwa ya kupasha mkono,” Waziri alisema upesi. “Irudishe, Mheshimiwa, uchomoe sasa.”

Profesa akainuka kwenye kiti chake. “Samahani, Mheshimiwa Waziri. Imekwisha toka. Ikitoka hairudi. Hesabu nzima imesimama juu ya...”

“Profesa,” Waziri alimkatiza kwa upole, “kuna kuchomoa kwa kiraia na kuchomoa kwa kiserikali. Raia anachomoa bila kurudisha. Serikali haiwezi kufungwa mikono na gololi. Kaa, tafadhali.”

Profesa akakaa. Nasema hivyo bila kumlaumu, kiti chenyewe kilikuwa na mto na jina lake.

Mkuu wa Mkoa alirudisha, akachomoa nyeusi nyingine, akarudisha, akachomoa tena, mpaka nyeupe ikatoka na bendi ikapiga. Hiyo nyeupe hakuirudisha. Wakafuata wakurugenzi, makamishna, wake zao, na watoto wao ambao wengine walibebwa mgongoni na kushikwa mkono ili wachomoe. Wapo waliochomoa kwa niaba ya ndugu walioko ng'ambo. Nyeusi ilikuwa inarudi pipani. Nyeupe ilikuwa inakwenda mfukoni. Kila mara bendi ilipopiga, Profesa, kwa sababu ya ugonjwa wa kazi yake, alijikuta anahesabu.

Wakati meza ya pilau ya viongozi inaandaliwa, bendi ilikuwa imepiga mara mia.

Profesa alitazama sahani yake. Pipani zilikuwa zimebaki nyeusi tupu, mia nne, na kwenye foleni kulikuwa na kaya mia tano. Hata mikosi haikuwatosha watu wa Mwerere.

* * *

Baada ya pilau wananchi waliitwa, na wakaja kwa furaha. Wa kwanza kuchomoa alikuwa kijana aliyeoa mwezi uliopita. Nyeusi. Sajini akamwonyesha lori. Wa pili nyeusi. Wa tatu nyeusi.

“Msiogope!” mama mmoja alipaza sauti kwenye foleni. “Nyeusi zinapungua hizo! Kila ikitoka nyeusi, nyeupe zetu zinasogea!”

Angekuwa amesema kweli kabisa, kama pipa lingekuwa na nyeupe. Foleni ikapata nguvu. Watu wakawa wanashangilia nyeusi za wenzao. Lori la kwanza likajaa, likaondoka na vitanda, mbuzi na yule bwana harusi, ambaye mkewe alikuwa analia kimya kimya akiwa ameshika sufuria mpya.

Mtangazaji wa Redio ya Taifa, ambaye alikuwa anarusha matangazo moja kwa moja, akamsogezea Profesa kipaza sauti. “Profesa, zimekwisha toka nyeusi hamsini mfululizo. Wasikilizaji wangependa kujua, aliyebaki ana nafasi gani?”

Waziri alimtazama Profesa. Karibu na Waziri alikuwa amesimama mtu wa usalama mwenye miwani.

“Kwa mujibu wa sheria,” Profesa alisema, “moja katika tano.”

“Umesikia, msikilizaji! Moja katika tano!”

Akaulizwa tena zilipofika sabini. Akaulizwa zilipofika mia. Kila mara alijibu vile vile, na kila mara sauti yake ilikuwa ndogo zaidi, mpaka fundi mitambo akaja kukagua waya.

Ndipo zamu ya Skola ikafika.

Alipanda jukwaani polepole akishikilia goti. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Hakutazama pipa. Alimtazama mdogo wake.

“Zabu. Nikitia mkono humu, nitatoa nini?”

“Dada, kwa mujibu wa sheria unayo nafasi...”

“Sheria nimeisikia redioni. Nakuuliza wewe.”

Profesa akatazama viatu vyake. Kwa muda mrefu hakuinua kichwa, na Skola, ambaye alimjua tangu alipokuwa akiiba sukari na kutazama chini namna hiyo hiyo, akaelewa kila kitu.

Hakupiga kelele. Aligeuka kwa Waziri, akapiga goti kidogo kwa adabu.

“Mheshimiwa, naomba kuuliza.”

“Uliza, mama.”

“Mimi ambaye sijachomoa, nina nafasi ya nyumba?”

“Unayo kabisa. Moja katika tano. Ni haki yako ya kisheria.”

“Na nikichomoa ikawa nyeusi?”

“Hapo utakuwa huna, mama. Ndiyo bahati.”

“Na kabla sijachomoa, kuna mtu anaweza kunihamisha?”

Waziri alimtazama mwanasheria wa wizara, ambaye alikuwa anajikuna. “Hapana,” mwanasheria alisema. “Kifungu cha pili.”

“Basi sichomoi,” Skola alisema. “Nashukuru sana, Mheshimiwa. Narudi nyumbani na nafasi yangu.”

Akashuka. Watu wakacheka, wakidhani bibi amechanganyikiwa na jua. Kisha mtu mmoja akaacha kucheka. Kisha mwingine. Yule mama aliyekuwa anashangilia nyeusi alitazama pipa, akamtazama Profesa aliyekuwa bado anatazama viatu, akajifunga khanga vizuri na kutoka kwenye foleni. Nusu saa baadaye uwanjani walibaki viongozi, bendi, na Sajini Mwakibete aliyekuwa bado analinda pipa.

* * *

Serikali haikuwahi kukutana na wananchi wenye nafasi nyingi namna ile. Milango ya bwawa haikuweza kufungwa, kwa kuwa bondeni kulikuwa na watu, na watu hawakuweza kuhamishwa, kwa kuwa hawakuwa wamechomoa. Redio ikapiga nyimbo za kuhimiza kuchomoa. Wanafunzi wakaimbishwa. Mkuu wa Mkoa alitaka polisi wawashike watu mikono na kuitumbukiza pipani, lakini wafadhili walikuwa wameomba waje kuona zoezi, na mkono ulioshikwa na polisi hautokei vizuri kwenye picha.

Bondeni maisha yaliendelea kwa heshima mpya. Kwenye posa, mshenga alimsifu kijana wake: anajua kusoma, halewi, na hajachomoa. Watu walipalilia vitunguu kana kwamba mwaka ujao upo.

Waziri alimwita Profesa ofisini. Safari hii hakukuwa na korosho. Alifungua droo, akatoa gololi moja nyeupe, akaiviringisha juu ya meza mpaka ikagonga kidole cha Profesa.

“Ya dada yako,” alisema. “Nyumba iko pembeni, bomba mbele na bomba nyuma. Yeye ndiye aliyewaharibu wenzake. Akihamia Fanaka, wengine wataona kwamba nyeupe zipo, watapanga foleni. Mpelekee.”

“Ilikuwa ya nani, Mheshimiwa?”

“Ya mtoto wa Mkuu wa Mkoa. Anazo nyingine.”

Naomba msimfikirie vibaya Profesa. Aliichukua. Njiani kwenda Mwerere aliishika mfukoni hadi ikapata joto, na alijiambia kwamba dada ana magoti mabovu, na kwamba hesabu haikatazi mtu mmoja kuoga.

Alimkuta Skola uani akikata mikia ya vitunguu. Akaiweka gololi kwenye kiganja cha dada yake, akamweleza kila kitu, pamoja na bomba la nyuma.

Skola aliinua gololi juani, akaigeuza.

“Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta siku nzima ile?”

“Ndiyo.”

“Ina ubaridi mzuri.” Profesa aliona jinsi dada yake alivyoifumbata, na jinsi alivyojikanda goti kwa mkono wa pili, na kwa muda huo hakuna aliyejua atafanya nini, hata yeye mwenyewe. Ng'ambo ya ua jirani alikuwa anaita watoto waje kula.

“Nikiichukua,” Skola alisema mwishowe, “hawa wote watapanga foleni kesho kwa sababu yangu. Na wewe unajua watatoa nini.”

“Najua.”

“Ulijua na siku ile.”

“Nilijua, dada.”

“Ukakaa kwenye kiti.” Hakusema kwa ukali. Alimrudishia gololi. “Mwambie aitie pipani pamoja na zile nyingine tisini na tisa, halafu nitakuja kuchomoa kama mtu mwingine yeyote. Nikipata nyeusi nitapanda lori na sitalia. Sasa kaa hapo unisaidie kukata, kisu kingine kiko dirishani.”

Profesa akakaa, akakata vitunguu mpaka jioni, na kwa kuwa vilikuwa vitunguu hakuna aliyemuuliza kwa nini macho yake yamekuwa mekundu.

* * *

“Amekataa,” Profesa alisema asubuhi, akairudisha gololi mezani kwa Waziri. “Anataka zote mia zirudi pipani.”

“Zirudi kufanya nini, wakati nafasi ipo ile ile?” Waziri aliuliza, na Profesa akatambua kwa hofu kwamba mtu huyu hakuwa anatania. Mheshimiwa Kidamba hakuwa amehesabu chochote siku ile. Alikuwa ametia sahihi sheria inayosema moja katika tano, na hakuwahi kuona jambo lililotiwa sahihi likakosa kuwa kweli.

“Hawa watu wamepoteza imani,” Waziri aliendelea. “Sawa. Nitachomoa mimi mwenyewe, hadharani, mikono wazi, kiraia kabisa. Bila kurudisha! Katika tano za kwanza lazima itoke nyeupe moja. Hapo wataona aibu.”

“Mheshimiwa, nakushauri usichomoe.”

“Unaogopa hesabu yako mwenyewe, Profesa?”

Uwanja wa shule ukajaa tena. Walikuja watu wa bondeni wote, na wafadhili wakakaa mstari wa mbele na kofia zao. Waziri alivua koti, akakunja shati mpaka begani, akaonyesha mkono mtupu pande zote nne. Akachomoa. Nyeusi.

“Moja,” alisema kwa tabasamu.

Ya tano ilikuwa nyeusi. Ya kumi pia. Ilipofika thelathini aliacha kutabasamu na kuanza kuchomoa kwa haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo huku mvua inanyesha. Gololi zilirundikana miguuni kwake. Mtangazaji, ambaye alilipwa kwa kuuliza, akauliza.

“Profesa, nafasi ya Mheshimiwa sasa ni ipi?”

“Kwa mujibu wa sheria, moja katika tano.”

Waziri alichomoa hadi shati likaroa. Alibadilisha mkono. Alilegeza tai, akaitupa. Zilipobaki chache alikuwa amelala tumboni juu ya mdomo wa pipa, miguu inaning'inia nje, na sauti ya gololi zilizokuwa zinamkwepa huko ndani ilisikika uwanja mzima. Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanatazama kama wanavyotazama mtu anayechimba kaburi.

Ikatoka ya mwisho. Nyeusi.

Waziri akaendelea kupapasa. Mkono wake ulikwaruza bati tupu, ukakwaruza tena.

“Profesa,” mtangazaji alinong'ona, “na sasa?”

Mtu wa usalama alivua miwani. Profesa alimtafuta dada yake kwenye umati, akamwona amekaa juu ya gunia, anamtazama bila kumdai kitu. Akainuka kutoka kwenye kile kiti.

“Sufuri,” alisema, na safari hii waya haukuwa na tatizo. “Hakuna nafasi. Haikuwepo ya Mheshimiwa leo, na haikuwepo ya mtu yeyote wa bondeni tangu wakati wa pilau. Nyeupe zote mia zilichukuliwa asubuhi ile. Nilihesabu. Nilipaswa kusema siku ile ile, kabla lori la kwanza halijaondoka.”

Kisha Sajini Mwakibete, ambaye tangu siku ya kwanza hakuwa amepewa amri nyingine, alisogea mbele, akapiga saluti, akatazama rundo la nyeusi miguuni kwa Waziri.

“Mheshimiwa,” alisema, “lori lako ni lile pale.”

Hapo ndipo Mwerere walipocheka. Walicheka hadi bendi nayo ikapiga, kwa kudhani kuna aliyepata.

* * *

Serikali ilitangaza kwamba zoezi limekamilika kwa mafanikio makubwa, isipokuwa wananchi. Mheshimiwa Kidamba hakupanda lori. Alihamishiwa Wizara ya Uvumilivu, ambako anafanya vizuri. Nyumba za Fanaka zina wapangaji.

Profesa alikamatwa kwa kosa la kutoa sufuri bila kibali. Kesi ilikwama siku ya kwanza. Mwendesha mashtaka, ili kuthibitisha kosa, alitakiwa kueleza mahakamani nafasi ilikuwa ngapi, na alipofungua mdomo hakimu akamkumbusha kwamba kusema vinginevyo ni kosa la jinai. Akaufunga. Mshtakiwa akaachiwa, akakuta chuo kimekwisha badilisha kitasa cha mlango wake.

Waliokuwa wamepelekwa Subira walirudi kwa miguu, wakisema kwamba bahati iliyofanywa bila bahati haiwahusu. Walirudi na maturubai yao, na ikaonekana kwamba maturubai hayo ni mazuri sana kwa kuanikia vitunguu. Bwana harusi na mkewe waliikuta nyumba yao haina mlango, wakapewa wa kanisani.

Profesa naye akahamia bondeni kwa dada yake. Mwanzoni watu hawakumsalimia. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale waliopakiwa kwenye lori siku ile, akawaomba radhi, na wengine walimsamehe na wengine wakampa jembe tu. Kulima hajui mpaka leo, mistari yake inakwenda kombo.

Msimu wa mavuno bwana harusi alimkuta shambani, akasimama kando yake akitazama ukuta wa bwawa ulivyokaa kule juu, milango wazi.

“Profesa,” alisema, “hebu nipigie hesabu moja. Kuna nafasi gani ya serikali kurudi hapa na pipa jingine?”

Profesa aliegemea jembe.

“Moja,” alisema.

“Moja katika ngapi?”

“Hakuna katika. Moja nzima.”

Skola, aliyekuwa anafunga gunia karibu nao, hakuinua hata kichwa.

“Basi waje,” alisema. “Safari hiyo tutahesabu sote.”